Kukeneka nyumbani: anza na mchaichai, si chang'aa

Wahenga walisema ujuzi hauzeeki. Hawakusema kwamba ujuzi hauwezi kupotoka. Katika milima ya majani chai, kutoka Kericho mjini ukipitia Litein na Kapkatet hadi Bomet, kuna ujuzi mmoja ambao karibu kila kijiji kinaujua. Umelipa karo za watoto wengi, umevunja nyumba nyingi vilevile, na hakuna mzazi anayependa kumfundisha mwanawe mchana kweupe. Ni ujuzi wa kukeneka.

Kukeneka ni kuchemsha kitu, kuunasa mvuke wake na kuupoza ili urudi kuwa maji. Kijijini hatulitumii neno hilo, twasema kupika. Na mtu akikuambia kwamba jirani yake anapika, bila kutaja anapika nini, unaelewa mara moja kwamba hazungumzii ugali.

Msomaji mpenzi, juma hili nimeamua kulijibu swali ambalo vijana, hasa wa vyuo, wamekuwa wakiniuliza. Wamesoma kwamba ng'ambo kuna watu wanaokeneka vileo nyumbani kama burudani, jinsi wengine wanavyofuga samaki wa kioo au kukusanya stempu. Wanataka kujua: je, nasi tunaweza kuanza? Jibu langu lina sehemu mbili. Ya kwanza ni la. Ya pili ni ndiyo, na hiyo ya pili ndiyo ndefu na tamu zaidi. Naomba uvumilie ya kwanza ili uifikie ya pili ukiwa salama.

SHERIA INASEMAJE

Kwanza tuondoe dhana moja. Wapo wanaosema chang'aa ni mila ya watu wa milimani. Si kweli. Wazee wa Kipsigis walikunywa pombe ya wimbi, wakiketi kuuzunguka mtungi mmoja na kunyonya kwa mirija mirefu, tena kwa shughuli maalumu na kwa heshima ya umri. Pombe hiyo ilichachushwa tu, haikukenekwa. Kinywaji kikali cha kukenekwa kilikuja baadaye. Enzi za ukoloni kilijulikana kama jini ya Wanubi, kwa kuwa Wanubi wa Kibra, wazao wa askari waliotoka Sudan, walisifika kwa kukipika.

Mwaka 1980 Kenya ilitunga sheria ya kupiga chang'aa marufuku kabisa. Sheria hiyo ilidumu miaka 30. Mwaka 2010 ilifutwa na Sheria ya Kudhibiti Vileo, ile ambayo wengi waliizoea kwa jina la sheria ya Mututho, kutokana na John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha na aliyeuwasilisha mswada wake. Ilipoanza kutumika, baadhi ya watu walishangilia wakidhani kwamba sasa kila mtu yuko huru kupika. La hasha! Sheria hiyo iliruhusu chang'aa itengenezwe na mwenye leseni peke yake, kwa viwango vilivyowekwa, ikauzwe katika chupa ya kioo yenye maandishi ya kueleza kilichomo. Chungu cha nyuma ya nyumba hakikuruhusiwa. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, leseni za kuuza vileo zimekuwa mikononi mwa serikali za kaunti. Naye anayetengeneza kinywaji kinachotozwa ushuru lazima awe na leseni ya Mamlaka ya Ushuru, KRA, kwa mujibu wa Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya mwaka 2015. Hakuna mahali penye msamaha kwa anayesema kwamba yeye anapika kwa kujifurahisha tu.

Nchi nyingine zilichagua njia zao. New Zealand iliruhusu raia kukeneka vileo nyumbani kwa matumizi yao mwaka 1996. Uingereza bado inadai leseni. Majirani zetu wa Uganda walitunga Sheria ya Enguli mwaka 1965, wakawataka wapikaji wenye leseni wauze enguli yao ili ikakenekwe upya kiwandani, na hapo ndipo ilipotokea Uganda Waragi. Kwa hivyo kijana wa Kericho anayesoma kitabu cha New Zealand na kufuata kila neno anaweza kujikuta mbele ya hakimu wa Kenya, ambaye hatamuuliza amesoma kitabu gani.

MVUKE USIOJULIKANA

Lakini sheria si sababu kubwa. Sababu kubwa ni macho na uhai.

Mwezi wa Novemba mwaka 2000, zaidi ya watu 100 walikufa jijini Nairobi, wengi wao wakiwa wakazi wa mitaa ya Mukuru, baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Wengine walipona lakini wakabaki vipofu. Mwaka 2005 maafa kama hayo yakaikumba Machakos. Mwezi wa Mei mwaka 2014 zaidi ya watu 80 waliangamia katika kaunti kadhaa kwa siku chache tu. Februari 2024 msiba ukaingia Kirinyaga, ukaua watu 17. Soma tena miaka hiyo. Kila kizazi cha wanafunzi kimekuwa na msiba wake.

Methanoli ni nini? Ni ndugu wa alkoholi inayonywewa, ambayo jina lake la kitaalamu ni ethanoli. Hizi mbili hufanana kwa rangi, kwa harufu na karibu kwa ladha. Methanoli hutumiwa viwandani kuyeyushia rangi na kutengenezea kemikali nyingine. Ukiinywa, ini lako huigeuza kuwa asidi ya fomiki, asidi ileile aliyonayo sisimizi anapokuuma. Asidi hiyo hushambulia mshipa unaopeleka habari za jicho kwenye ubongo. Kiasi kidogo kama vijiko viwili vya chai chaweza kumpofusha mtu mzima.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo watu wengi huelewa nusunusu. Uchachu wa kawaida wa mahindi, wimbi au sukari hutoa methanoli kidogo sana. Vifo vya halaiki nilivyovitaja vilitokana hasa na methanoli ya viwandani iliyotiwa kwa makusudi au kwa ujinga ili kinywaji kiwe kikali na faida iwe kubwa. Je, hiyo ina maana kwamba anayepika mwenyewe yuko salama? Hapana. Wapo wanaosema mwaga matone ya kwanza na yanayofuata yatakuwa safi. Ni kweli kwamba methanoli huchemka kwa nyuzi 65 hivi, ethanoli kwa nyuzi 78 na maji kwa nyuzi 100. Lakini zikichanganyika, haziondoki moja moja kama abiria wanaoshuka matatu kila mmoja kwenye steji yake. Hutoka pamoja, zikiwa zimeshikana mikono. Aliyepata kiungo kibaya sokoni bila kujua hawezi kukiondoa kwa kumwaga kikombe cha kwanza. Wala hawezi kukitambua kwa kuwasha kiberiti na kuitazama rangi ya moto.

Tena kuna hatari nyingine ambazo hazihusu methanoli. Mvuke wa alkoholi hushika moto kama petroli, na anayepika karibu na kuni zinazowaka anacheza na janga. Kuna mapipa yaliyowahi kubeba kemikali. Kuna rejeta za magari zilizounganishwa kwa risasi, na risasi ni sumu inayojikusanya mwilini polepole.

Kama mtu wa nyumbani mwako amekunywa pombe isiyojulikana na kesho yake analalamika kwamba kichwa kinauma, tumbo linakata na macho yanaona ukungu, usimwache alale ati pombe itaisha. Dalili za methanoli hukawia, mara nyingine hata siku nzima. Mkimbize hospitalini, iwe ni hospitali ya rufaa ya Kericho, Longisa, Tenwek au nyingine yoyote iliyo karibu. Mwambie daktari ukweli bila kuona haya. Tiba ipo, lakini ni ya anayewahi.

Hiyo ndiyo la yangu. Sasa tuifungue ndiyo.

CHUNGU KIMOJA, KAZI MBILI

Umewahi kuona chombo cha mpika chang'aa wa kawaida? Ni sufuria au pipa lililo motoni. Ndani yake kuna chombo kidogo kinachoelea au kilichoinuliwa. Juu kuna karai la maji baridi lililofunika kila kitu. Mvuke hupanda, hugonga kitako cha karai baridi, hugeuka matone, matone hudondoka ndani ya kile chombo kidogo. Hiyo ndiyo siri yote.

Sasa twende Oman, nchi ambayo ndugu zetu wengi wa pwani na Zanzibar wana jamaa huko, na ambako Kiswahili husikika hata sokoni. Katika milima ya Jabal Akhdar kuna nyanda za juu zilizo kama mita 2,000 juu ya bahari, karibu sawa na Kericho. Huko, msimu wa machipuko, familia huchuma mawaridi alfajiri kabla jua halijakauka umande. Huyatia ndani ya chungu kilicho juu ya moto, huweka bakuli juu ya petali, kisha hufunika kwa chombo cha maji baridi. Mvuke hupanda, hugonga ubaridi, hudondoka. Kinachopatikana ni maji ya waridi, yanayotiwa kwenye halua na kahawa na kurashiwa wageni.

Umeona, msomaji? Ni chungu kilekile. Huko Oman mtoto hufundishwa kazi hii na nyanya yake mbele ya wageni. Kwetu mtoto huwekwa njiani awe mlinzi, apige mbinja akimwona chifu. Tofauti haiko katika chombo. Iko katika kinachotiwa ndani yake.

Kisiwani Pemba pia, makonyo ya karafuu, yaani vile vikonyo vinavyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa, hukenekwa katika kiwanda cha Wawi, karibu na Chake Chake, yakatoa mafuta yanayouzwa ng'ambo. Wala si ujuzi wa jana. Al-Kindi, mwanachuoni wa Baghdad aliyeishi katika karne ya 9, aliandika kitabu kizima kuhusu manukato na namna ya kuyakeneka.

Basi kwa nini mtu wa majani chai asianze? Milima yetu ina kila kitu. Maji baridi yamejaa katika mito inayotoka msitu wa Mau, kama Kiptiget, Chemosit na Nyangores. Mpoeshaji mzuri wa mvuke anahitaji maji baridi kuliko kitu kingine: kila lita moja inayodondoka hutaka lita 10 hadi 15 za maji baridi ya kuupoza mvuke wake. Mimea ya harufu nayo haikosekani. Kuna rozimeri iliyopandwa kama ua nje ya nyumba nyingi. Kuna waridi. Kuna mikaratusi, ile ambayo viwanda vya chai huipanda kwa kuni. Na kuna mchaichai, ambao jina lake lenyewe linafaa nchi ya chai.

Mimi nakushauri uanze na mchaichai. Hauna miiba, hukua upesi, na ukikosea hujapoteza kitu cha thamani kubwa.

VITU UNAVYOHITAJI

Tafuta sufuria kubwa ya lita 8 au 10, ya chuma kisichoshika kutu. Kifuniko chake kiwe kimebinuka katikati, na kishikio chake kiwe cha chuma, si cha plastiki. Tafuta bakuli zito la chuma hichohicho, au la kioo kinachostahimili moto. Tafuta kigae safi au kijiwe bapa cha kuliinulia bakuli. Uwe na nusu kilo ya majani mabichi ya mchaichai, lita 2 za maji safi, na ndoo mbili za maji baridi. Barafu ikipatikana ni vizuri zaidi. Na kama mvua ya mawe ya Kericho, inayowaliza wakulima kila mwaka kwa kupasua majani chai, imenyesha mchana huo, basi kwa mara moja itakuwa imekuletea faida.

Usitumie kopo la rangi, debe la dawa ya ng'ombe, mabati wala bomba la gari. Osha kila kitu jinsi mama wa Kipsigis anavyoisafisha sotet kabla ya kutia mursik: si kwa kuonyesha, bali kwa kujua kwamba uchafu kidogo utaharibu kazi nzima.

HATUA KWA HATUA

Katakata majani vipande vya urefu wa kidole. Yatandaze kivulini tangu asubuhi hadi jioni, au hadi kesho yake, yanyauke kidogo. Usishangae, hata kiwanda cha chai hunyausha majani kwanza kabla ya kuyasaga.

Weka kigae katikati ya sufuria, na bakuli tupu juu yake. Panga majani kulizunguka bakuli. Mimina maji yafunike majani, lakini yasifike ukingo wa bakuli wala yasiliinue likaelea. Washa moto wa wastani.

Maji yakianza kutoa mvuke, geuza kifuniko juu chini, ili ile sehemu iliyobinuka iangalie ndani na kishikio kielekee bakuli. Sasa kifuniko kimekuwa sinia. Mimina humo maji baridi. Punguza moto hadi sauti ya kuchemka iwe ya kunong'ona. Mvuke utagonga ubaridi, utateremka hadi kwenye kishikio na kudondoka bakulini. Ukisikiliza vizuri utayasikia matone.

Maji ya juu yakipata joto, yachote kwa kikombe na kumimina mengine baridi. Hii ndiyo kazi itakayokuchosha, na ndiyo inayotenganisha anayejua na asiyejua. Anayeanza huongeza moto akidhani atapata mengi. Hupata maji yanayonuka majani yaliyochemshwa mno. Mwenye subira huongeza ubaridi, si moto.

Baada ya dakika 45 hadi saa moja, zima. Kamwe usiache maji ya ndani yakauke, maana majani yataungua na sufuria itaharibika. Acha vitu vipoe ndipo ufunue, kwa kuwa mvuke huchoma kuliko maji moto. Bakulini utakuta vikombe kadhaa vya maji maangavu yenye harufu kali ya limau. Tazama juu yake kwenye mwanga. Ukiona vijitone vya manjano vinavyoelea, hayo ndiyo mafuta yenyewe. Mafuta ya mchaichai huelea. Ya karafuu, kwa vile ni mazito kuliko maji, huzama.

Usikate tamaa kwa uchache wake. Hata kwa chombo maalumu, kilo nzima ya majani mabichi hutoa mililita 2 hadi 5 tu za mafuta. Kwa sufuria utapata pungufu ya hapo. Lakini lengo lako la kwanza ni yale maji yenye harufu. Yatie katika chupa ya kioo iliyochemshwa, yafunike, andika tarehe, na andika kwa herufi kubwa: SI YA KUNYWA. Yaweke kwenye friji na uyatumie katika majuma machache, maana hayana dawa ya kuyahifadhi. Yanyunyizie shuka kabla ya kupiga pasi. Yatie kwenye maji ya kupigia deki au ya kuogea. Mbu hawaipendi harufu hiyo, lakini usiiache neti yako kwa sababu hiyo.

KWA MWANAFUNZI

Wewe uliye shule ya upili, burudani hii ni maabara yako. Mwalimu wa kemia amekufundisha kutenganisha michanganyiko, na huenda umechora chombo cha Liebig mara kumi bila kukigusa. Chukua sufuria hiyohiyo, tia maji yenye chumvi nyingi, keneka, kisha onja kilichodondoka. Chumvi imebaki chini. Hivyo ndivyo meli na nchi za jangwa zilivyoanza kupata maji ya kunywa kutoka baharini. Maji hayo yanafaa pia kwa pasi ya mvuke, kwa kuwa hayaachi ukoko.

Ukiwa na kipimajoto, fanya jaribio la pili. Chemsha maji Kericho mjini, kisha ukienda kumtembelea shangazi yako Mombasa chemsha tena. Mombasa yatachemka kwa nyuzi 100. Nairobi ni kama nyuzi 94. Kericho ni kama nyuzi 93, kwa kuwa uzito wa hewa hupungua kadiri unavyopanda. Ndiyo maana maharagwe ya milimani hukawia kuiva.

Na hili hapa ni swali la kumchokoza mwalimu: mafuta ya mchaichai yakiwa peke yake huchemka kwa zaidi ya nyuzi 200. Inakuwaje basi yatoke sufuriani kwa nyuzi 93? Jibu ni kwamba mvuke wa maji huyabeba. Mafuta na maji havichanganyiki, kila kimoja hutoa mvuke wake, na mivuke hiyo miwili ikijumlishwa huushinda uzito wa hewa kabla ya kufika nyuzi 100. Ukilielewa hilo, umeelewa kazi ya kiwanda cha Pemba.

TAHADHARI ZA LAZIMA

Usiuzibe mvuke. Kifuniko kilazwe tu, kisifungwe kwa kamba, kwa unga uliokandwa wala kwa jiwe zito. Chombo kilichozibwa hulipuka. Usitumie jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa, hata baridi ya Bomet ikizidi. Hewa yake ya sumu haina harufu na imeua familia zikiwa usingizini.

Mafuta halisi ya mmea si dawa ya kunywa. Ya mkaratusi ndiyo ya kuogopwa zaidi: kijiko kimoja cha chai chaweza kumtia mtoto mdogo hatarini. Usimpake mtoto puani. Tena si kila mkaratusi unafaa. Mingi ya ile ya kuni haina mafuta mengi kama yule wa majani marefu ya buluu. Kabla ya kupaka kitu chochote mwilini, jaribu tone moja kwenye mkono na usubiri siku moja. Mama mjamzito na aulize daktari kwanza.

Fanya kazi yako mahali pa wazi. Jirani akiona mvuke na karai atafikiria mengine. Mwite aje anuse. Ukifika hatua ya kutaka chombo maalumu chenye bomba, pitia kwanza ofisi ya KRA uulize kinachoruhusiwa. Na ukitaka kuuza, hata chupa kumi, pata kwanza alama ya ubora ya KEBS na leseni ya kaunti. Mpaka hapo, wape jamaa na marafiki.

UJUZI UTOKE KIZANI

Nimebakisha neno moja, nalo nalielekeza kwa wazazi.

Katika nchi ya majani chai kuna akina mama, wengi wao wajane au walioachwa, waliopika usiku ili mtoto asirudishwe nyumbani kwa karo. Wapo watu wazima wenye vyeo leo waliosomeshwa na chungu hicho. Sitaki kuwadharau. Wala sitaki kuwadanganya kwa kusema kwamba mchaichai utaleta pesa jioni ileile kama kibuyu cha chang'aa kinavyoleta. Hautaleta. Mteja wa chang'aa hugonga mlango kila siku, na msimu wa bonasi ya chai hugonga mara mbili. Lakini mteja huyohuyo ndiye mume wa mwanamke mwingine. Bonasi iliyoishia kwa mama pima ni karo ya mtoto mwingine. Ukihesabu kijiji kizima, karo iliyolipwa kwa chang'aa ilitoka mfukoni mwa mtoto wa jirani.

Kilicho cha thamani kwa akina mama hao ni ujuzi. Wanajua moto wa kunong'ona ni upi. Wanajua maji ya karai yakipata joto hubadilishwa lini. Wanaweza kusikia kwa sikio kama mvuke unatoroka. Msomi wa chuo huhitaji muhula mzima kujifunza hayo. Ni aibu kwetu kwamba maarifa kama hayo yamefundishwa gizani tu, huku macho yakiangalia njia.

Kwa hivyo mwanao akikuuliza chang'aa hutengenezwaje, usimkaripie. Ukimkaripia atakwenda kuuliza kule nyuma ya vibanda, na huko hatajibiwa kwa maneno matupu. Atajibiwa kwa kikombe. Mwite jikoni Jumamosi alasiri. Mpe mchaichai aukate. Mweleze sheria, mweleze methanoli, mweleze Mukuru na Kirinyaga. Kisha mwachie yeye mwenyewe ageuze kifuniko na kumimina maji baridi. Akiliona tone la kwanza likidondoka, atakuwa amejua siri yote, tena mkononi mwako na wala si mkononi mwa mtu mwingine.

Juma lijalo tutaangalia jinsi ya kukausha maua na majani kivulini bila kupoteza harufu yake. Hadi hapo, nakutakia Jumapili njema wewe na jamaa yako.